Mbegu ya mpunga: kwa nini mavuno mengi na ladha nzuri haviji pamoja kirahisi

Mkimbizi au mwenyeji anayelima kipande kidogo cha ardhi hujiuliza: nipande mpunga wa magunia mengi au ule wenye mchele unaonukia? Swali hili linawahusu wakulima wa Kasese, ambako mpunga hulimwa katika mradi wa umwagiliaji wa Mubuku, na wanaouza mazao Bwera, karibu na mpaka wa Mpondwe.

Bei na shamba

Katika masoko ya Uganda, mchele wa Supa huuzwa ghali kuliko Kaiso kwa sababu unanukia. Lakini mmea wa Supa ni mrefu, huchelewa kukomaa na hulala chini kwa urahisi ukiwekewa mbolea nyingi.

Ladha inatoka wapi?

Ndani ya punje kuna wanga unaoitwa amilosi. Ukiwa mwingi, wali huchambuka lakini huwa mgumu ukipoa. Ukiwa kidogo, wali hushikana. Harufu nayo hurithiwa: mmea unukie, lazima urithi sifa hiyo kutoka kwa wazazi wote wawili. Ndiyo maana harufu hupotea haraka aina mbili zikichanganywa.

Mbegu mpya hupatikanaje?

Ua la mpunga hujichavusha lenyewe. Mtaalamu hutoa vifuko vyake sita vya chavua kabla havijapasuka, kisha hulipaka chavua ya aina nyingine. Wajukuu wa mchanganyiko huo hutofautiana, hivyo huchaguliwa kwa vizazi vingi hadi wafanane.

Ndivyo NERICA ilivyopatikana katika miaka ya 1990, Monty Jones wa Sierra Leone na wenzake walipochanganya mpunga wa Afrika, unaovumilia shida, na wa Asia, unaozaa sana. NERICA 4 hulimwa Uganda kwenye nchi kavu. NERICA 1 inanukia. Tanzania iliidhinisha SARO 5 mwaka 2002: ni fupi kuliko Supa, huzaa zaidi na hunukia kiasi.

Kabla ya kupanda

• Uliza kama mbegu ni ya nchi kavu au ya shamba la maji.
• Omba kikombe cha mchele wa aina hiyo kwa jirani. Upike, uuonje ukiwa moto na ukiwa umepoa.
• Usile mbegu iliyopakwa dawa.
• Aina hizi si chotara, kwa hiyo unaweza kutunza mbegu kutoka kwenye mavuno yako. Ng'oa mimea isiyofanana na mingine kabla ya kuvuna, kausha vizuri na uhifadhi peke yake. Mbegu iliyochanganyika hukomaa kwa nyakati tofauti, na mnunuzi akiona punje zisizolingana hushusha bei.