Kabla hujashusha gari, ipime kwanza barabara

NILIPOKUWA darasa la sita huko Karagwe, mkoani Kagera, mwalimu wetu wa sayansi alitundika springi ya kitanda kibovu kwenye msumari, akafunga jiwe chini yake na kupima imerefuka kiasi gani. Kisha akafunga jiwe la pili lenye uzito uleule. Springi ikarefuka mara mbili. Akatuambia tuandike hivyo hivyo tulivyoona, na tusisahau.

Sisi watoto wa wakimbizi wa Kinyarwanda tuliandika kwa Kiswahili, kwani ndiyo lugha tuliyosomea. Nilirejea nyumbani mwaka 1996 nikiwa na madaftari hayo kwenye sanduku la bati, na hadi leo nafundisha fizikia hapa Kigali. Kanuni ile ya springi nimeiandika ubaoni mara nyingi mno. Lakini mwaka 2025 niliisahau siku niliyoihitaji kuliko zote, nusura nimpoteze mpwa wangu na mimi mwenyewe.

Mpwa wangu ni mfanyabiashara wa vitenge. Mpaka wa Gatuna ulipofunguliwa tena Januari 2022 alirudi kwenye safari zake za Kampala, na gari analotumia ni letu sote wawili: Subaru Impreza kuukuu, tuliyoinunua kwa akiba yake na mkopo wangu wa ushirika wa walimu. Siku za kazi gari hilo hubeba robota za vitenge. Jumapili hubeba familia yangu kwenda kanisani. Likizo hutuvusha Rusumo kwenda kuwaona ndugu tuliowaacha Kagera.

Desemba 2024 mkutano mkuu wa FIA, shirikisho la mbio za magari duniani, ulifanyika hapa Kigali, na Rais Paul Kagame akatangaza nia ya Rwanda kuandaa mashindano ya Formula 1. Vijana wengi walilala wakiota. Mpwa wangu alikuwa mmoja wao, ingawa ndoto yake ilikuwa ndogo: kushiriki mbio za koni kwenye uwanja wa vumbi, gari moja moja, kwa saa ya mkononi. Raly yenyewe hudai keji ya chuma ndani ya gari, mikanda maalumu, kofia na leseni. Huko hajafika.

"Mjomba," aliniambia jioni moja, "gari letu linayumba kama boti. Nimepata koilova, laki sita tu. Tulishushe."

Kwa asiyefahamu, koilova ni shokapu iliyovaa springi mwilini, yenye nyuzi kama za boliti. Ukizungusha pete, gari hupanda au hushuka. Zile alizozipata zilikuwa mpya, rangi yake yang'aa, na juu zina kitufe cha kulegeza na kukaza. Nilitoa nusu ya fedha. Fundi wa karibu na nyumbani akazifunga kwa saa nne, gari likashuka sentimita tano. Lilipendeza, siwezi kudanganya.

Kilichotupata Gicumbi

Wiki ya tatu nilimsindikiza hadi Gatuna. Tulirudi alasiri, mvua inanyesha, robota mbili zimo nyuma. Kwenye miteremko ya Gicumbi, mwendo wetu haukuzidi kilomita 50 kwa saa, tukaingia kona ambayo lami yake ilikuwa imebonyea. Nikasikia mshindo kama nyundo chini ya kiti cha nyuma. Gari likaruka, likatua, likaruka tena, na mkia ukahamia upande wa pili wa barabara.

Lori la trela lilikuwa linapanda. Dereva wake alipiga honi na kubana ukingoni, mpwa wangu akakata usukani, nasi tukaishia kwenye mtaro wa mawe. Tairi la nyuma lilikuwa limekatwa na ukingo wa bodi. Hakuna aliyeumia. Tulikaa kimya kwa muda, vifuta maji vinaendelea kwenda na kurudi.

Kilichonisumbua usiku ule si gharama. Dada yangu alinikabidhi kijana huyu akiwa na miaka minane. Ningempigia simu nimwambie nini? Kwamba mwalimu wa fizikia alichangia fedha?

Somo la fundi mzee

Gari tulilivuta hadi kwa fundi mmoja mzee, mrejeaji kama mimi, yeye akitokea Bukavu. Hakutukaripia. Alilipandisha kwa jeki, akatuita tuchungulie.

"Mwalimu, nani anabeba gari? Shokapu ama springi?"

Nilijibu springi. Akatikisa kichwa kukubali. Shokapu haibebi uzito. Kazi yake ni kuua mtikisiko: pistoni husukuma mafuta yapite kwenye matundu madogo, nguvu ya kuruka hugeuka joto na gari hutulia. Bila shokapu nzima, springi ingeendelea kudunda kama mpira.

Kisha akanionyesha namba iliyochapwa kwenye springi zetu mpya. Ilikuwa 6, maana yake kilo 6 kwa kila milimita moja ya kubonyea. Za zamani alizikadiria kuwa za kilo 3. Hapo ndipo jiwe la Karagwe lilipoanguka kichwani mwangu.

Chukua gurudumu linalobeba kilo 300. Springi ya kilo 3 itabonyea milimita 100. Ya kilo 6 itabonyea 50 tu. Ikiguswa, ya kwanza hudunda kiasi cha mara moja na nusu kwa sekunde, mwendo ambao mwili wa binadamu huuvumilia na tairi hukaa chini. Ya pili hudunda zaidi ya mara mbili kwa sekunde. Kwenye uwanja wa lami laini, ugumu huo ni faida: gari halilali kwenye kona na hujibu usukani upesi. Kwenye lami iliyobonyea, tairi huruka badala ya kufuata shimo, na tairi lililo hewani halina breki wala usukani.

Lipo na la pili. Gurudumu letu la nyuma lilikuwa na nafasi ya kupanda sentimita tisa hivi kabla ya kugonga raba inayozuia chuma kisikutane na chuma. Tuliposhusha gari tano, zikabaki nne. Robota zikala sehemu ya hizo nne. Ule mshindo tuliousikia ulikuwa mwisho wa nafasi.

La tatu, shokapu zenyewe hazikulingana na springi zake. Kile kitufe cha juu hulegeza au hukaza shokapu peke yake. Springi ya kilo 6 hubaki ya kilo 6 hata ukikizungusha mpaka kidole kiume.

Uanze wapi kutoa fedha

Nilimuuliza mzee: je, mtu mwenye gari moja la kazi na la uwanjani afanyeje? Jibu lake nimelipima kwa miezi kadhaa, nami nalitoa kwa mpangilio wake.

Kwanza ni tairi, bushi na boljointi. Bushi za mikono zikiwa zimekufa, hata shokapu ya bei ya ng'ombe haitasaidia. Zetu zilikuwa zimepasuka, na kule kuyumba kama boti kulitokana nazo kwa sehemu kubwa. Baada ya kuzibadilisha, pima uelekeo wa magurudumu.

Pili ni shokapu nzuri kwenye springi za kimo cha kiwanda. Zibadilishe mbili mbili, kushoto na kulia kwa pamoja. Za mirija miwili zenye gesi hutosha kwa mtu wa kawaida. Za mrija mmoja hupoza joto vizuri zaidi na mafuta yake hayafanyi povu haraka kwenye safari ndefu ya mashimo, ila ni ghali, na mrija ukibonyezwa na jiwe umekwisha.

Tatu, kama bado wataka ugumu, ongeza springi kidogo. Kutoka kilo 3 hadi 4 ni ongezeko la theluthi moja, na kwa gari kama letu hiyo yatosha. Baada ya hapo fikiria stabilaiza nene, ambayo hupunguza kulala kwenye kona bila kulishusha gari.

Koilova huja mwisho, kwa mwenye gari la pili la kwendea kazini. Na usikate springi kwa msumeno: ukikata, hupunguza nafasi na huongeza ugumu kwa wakati mmoja, kosa letu lilelile kwa bei rahisi.

Wanaofikiri gari la mbio lazima litambae watazame Safari Rally ya Kenya, iliyorudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 huko Naivasha. Timu kubwa huinua magari yao kwa ajili ya mashindano hayo. Wanajua mawe ya Bonde la Ufa hayajali umaridadi.

Kwa wanaonunua ng'ambo ya mpaka

Wengi wetu tunaleta spea kutoka Kisekka mjini Kampala, Kirinyaga Road mjini Nairobi au Gerezani jijini Dar es Salaam, na wengine hufika hadi Sharjah. Nenda na namba ya chasisi, siyo jina la gari tu, kwani Impreza mbili za miaka tofauti zaweza kukataana. Magari ya kwetu yana usukani wa kushoto, ya Kampala, Nairobi na Dar es Salaam wa kulia. Kwa shokapu tofauti hiyo mara nyingi haina shida, ila mashine ya usukani haitaingia. Linganisha namba ya spea kabla ya kulipa.

Shokapu ya mtumba isimamishe wima, ibonyeze hadi chini, uivute. Ukinzani uwe sawa mwanzo hadi mwisho, bila sehemu iliyo tupu. Ikiwa imelowa mafuta, iache. Ikiwa imepakwa rangi mpya, jiulize ni kwa nini. Boksi lenye jina kubwa na bei ya nusu ndilo lililotuponza sisi.

Na ukibadilisha kitu chini ya gari, lipeleke likakaguliwe upya. Cheti chetu cha ukaguzi kilikuwa halali siku ya ajali, lakini kilihusu gari la kabla ya koilova.

Mwisho wa safari yetu

Zile koilova hatukuziuza. Mpwa wangu alikuwa na mteja, kijana wa rika lake mwenye gari kama letu. Nilimuuliza huyo mteja analitumia wapi. Akasema barabara ya Gatuna. Tukaziweka stoo, hasara ikawa yetu.

Gari sasa lina shokapu za kawaida zenye gesi, springi za kilo 4, bushi mpya, na kimo chake cha zamani. Miezi miwili baadaye tulikwenda uwanjani. Kati ya magari kumi na manne mpwa wangu alishika nafasi ya nane, akatoka anacheka, vumbi hadi kwenye nyusi. Dada yangu alikuwepo pembeni, ameshika mwavuli. Nilikuwa nimemwambia yote, pamoja na sehemu ya lori.

Kesho yake, saa kumi na moja alfajiri, kijana alipakia robota zake akaondoka kwenda Gatuna. Nami darasani nilitundika springi kwenye msumari, nikaomba jiwe.