Betri haichajiwi chini ya kitanda

UKIPITA Buyenzi, mtaa wa Waswahili jijini Bujumbura, si ajabu kukuta betri za magari zimepangwa nje ya gereji zikichajiwa. Umeme unapokatika, betri kama hizo ndizo zinazowasha taa na redio na kuchaji simu majumbani.

Waliorudi kutoka kambi za Nyarugusu na Nduta nchini Tanzania wanaijua thamani ya betri na sola. Wachuuzi wanaopita Kobero nao wanajua kuwa ni bidhaa isiyokosa mnunuzi. Lakini je, ni wangapi wanaojua kuwa betri inaweza kuunguza nyumba wakati inapochajiwa?

Gesi isiyoonekana

Betri ya gari ya volti 12 ina vyumba sita vyenye risasi na maji ya asidi. Inapokaribia kujaa, umeme wa ziada huyageuza maji hayo kuwa gesi mbili, haidrojeni na oksijeni. Haidrojeni haina rangi wala harufu. Ikifikia asilimia 4 tu ya hewa ya mahali, cheche moja inatosha kuilipua, na asidi humrukia aliye karibu.

Ndiyo maana kuchaji betri chini ya kitanda, au chini ya boneti iliyofungwa, ni kujitegea mtego.

Hata ndege kubwa

Usidhani hili ni tatizo la wanyonge tu. Januari 2013, ndege zote 50 za Boeing 787 zilizokuwa zikitumika duniani zilizuiwa kuruka baada ya betri za lithiamu katika ndege mbili za Japani kupata moto. Dawa iliyopatikana ni kuifungia kila betri ndani ya sanduku la chuma lenye bomba la kutoa moshi nje ya ndege.

Julai mwaka huo huo, ndege ya aina hiyo ya Ethiopian Airlines iliungua ikiwa imeegeshwa Heathrow, London, bila mtu ndani. Wachunguzi walikuta chanzo ni betri ndogo ya lithiamu ya chombo cha kutoa ishara ya dharura, ambayo nyaya zake zilibanwa na kifuniko. Betri hiyo haikuwa hata ikichajiwa.

Fanya hivi

Kwanza, itoe betri kwenye gari. Fungua waya wa hasi mwanzo, na wakati wa kurudisha uufunge mwisho. Iweke penye hewa, mbali na jiko la makaa na sigara.

Pili, bana nyaya za chaja kwenye betri kabla ya kuwasha umeme, na uzime umeme kabla ya kuzitoa. Cheche nyingi hutokea hapo.

Tatu, usiwe na haraka. Chaji kwa sehemu moja ya kumi ya ukubwa wa betri: ya ampea 70 ichajiwe kwa ampea 7. Ikipata moto au kunuka kama yai bovu, zima. Maji yakipungua, ongeza maji maalumu ya betri yasiyo na chumvi, wala si ya bomba au ya Ziwa Tanganyika.

Nne, usichanganye chaja. Chaja ya betri ya gari si ya betri ya lithiamu. Betri ya simu iliyovimba isichajiwe tena wala kutobolewa, na simu isichajiwe chini ya mto.

Kwa wafanyabiashara

Unaponunua betri, uliza ni ya aina gani na chaja yake ni ipi, kisha mweleze mteja wako. Safirisha betri za asidi zikiwa wima, vichwa vyake vimefunikwa visigusane na chuma. Ukisafiri kwa ndege, betri ya akiba ya kuchajia simu iwe kwenye mkoba wa mkononi. Tangu Aprili 2016, betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake kama mizigo haziruhusiwi ndani ya ndege za abiria.

Aliyerudi nyumbani na kuezeka upya paa lake hapaswi kulipoteza kwa betri iliyoachwa ikichaji usiku kucha. Kinga ni bora kuliko tiba.