VVU na Virusi Visababishavyo Saratani: Ufafanuzi wa Uhusiano Uliofichika

1.0 Utangulizi

Kauli mbili husikika mara kwa mara katika jamii zetu: kwamba UKIMWI huleta saratani, na kwamba zipo saratani za kuambukiza. Kila moja ina chembe ya ukweli, lakini ikiachwa bila ufafanuzi huzaa hofu. Mgonjwa hutengewa kikombe na sahani, na mwanamke huahirisha kupimwa kwa kuchelea atakavyofikiriwa. Makala haya yanaeleza yale ambayo utafiti wa maabara umeyabainisha kuhusu uhusiano huo, na kupendekeza namna sahihi zaidi ya kuutaja kwa Kiswahili.

2.0 Ushahidi wa Maabara

Sehemu muhimu ya elimu hii ilianzia Uganda. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi katika Hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya uliowapata watoto. Sampuli za uvimbe huo zilisafirishwa hadi London, ambako Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walizichunguza kwa hadubini ya elektroni. Mwaka 1964 walitangaza kuwa wameona kirusi ndani ya seli zake. Hicho ndicho kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Miaka thelathini baadaye, mwaka 1994, Yuan Chang na Patrick Moore walitambua mjini New York vinasaba vya kirusi kingine katika sarkoma ya Kaposi ya wagonjwa wa UKIMWI. Ikumbukwe kwamba sarkoma hiyo ilijulikana Afrika Mashariki na ya Kati kabla ya UKIMWI kutambuliwa. Kwa hiyo, VVU havikuuanzisha ugonjwa huo. Vilichofanya ni kuuongeza kwa kiasi kikubwa.

3.0 Mgawanyo wa Kazi baina ya Virusi

Mfano ulio wazi zaidi ni saratani ya mlango wa kizazi, inayosababishwa na virusi vya papiloma, yaani HPV. Aina mbili za virusi hivyo, ya 16 na ya 18, husababisha takribani asilimia 70 ya saratani hiyo. Ndani ya seli, virusi hivyo hutengeneza protini mbili, E6 na E7. E6 huiharibu protini p53, ambayo kwa kawaida huisimamisha au kuiua seli yenye hitilafu. E7 nayo huifunga protini Rb, iliyo kizuizi cha mgawanyiko wa seli. Vizuizi hivyo viwili vikiondoka, seli huendelea kugawanyika na kulimbikiza kasoro.

Hata hivyo, maambukizi mengi ya HPV huondolewa na kinga ya mwili, aghalabu ndani ya miaka miwili. Hapa ndipo VVU vinapoingia. Vyenyewe huangamiza seli za CD4, ambazo huratibu kinga hiyo. Mlinzi akidhoofika, kirusi cha saratani hudumu na kupata muda wa kutenda kazi yake. Ndiyo sababu mwanamke anayeishi na VVU yumo katika hatari ya kupata saratani hiyo takribani mara sita zaidi ya asiye navyo.

4.0 Hitimisho

Kutokana na maelezo haya, kifungu “saratani ya kuambukiza” kinapotosha, kwa kuwa kinachoambukizwa ni kirusi, na wengi wenye kirusi hicho hawapati saratani kamwe. Inafaa kusema “saratani itokanayo na maambukizi”. Tofauti hiyo si ya maneno matupu, kwani kinachotokana na maambukizi chaweza kuzuiwa. Chanjo ya HPV ilianza kutolewa kitaifa Rwanda mwaka 2011, Uganda 2015, Tanzania 2018 na Kenya 2019; dawa za kufubaza VVU huirejeshea kinga nguvu yake; na uchunguzi wa mapema hugundua mabadiliko kabla hayajawa saratani. Mwalimu, mwandishi na mhudumu wa afya wakiitumia lugha kwa usahihi, watakuwa wamemwondolea mgonjwa unyanyapaa na kumfungulia njia ya kwenda kupimwa.