Udongo Unavyosukuma Ukuta

Kanyaruchinya, kando ya barabara ya Goma kwenda Rutshuru, mawe ya kujengea hayatoki mbali. Ni ya Nyiragongo, mlima ambao lava yake ilishuka tena upande huo tarehe 22 Mei 2021. Mawe yakiwa mengi hivyo, ni rahisi kujenga ukuta wa kuzuia udongo kwa mazoea, ule wa kimo cha mita 4 ukapewa unene uleule wa ukuta wa mita 2. Huo ni uamuzi wa hatari.

Hesabu ya msukumo wa udongo si ngumu. Mfaransa Coulomb aliiwekea msingi mwaka 1776, na Rankine wa Scotland akairahisisha mwaka 1857. Chukua changarawe kavu yenye kilo 1,800 kwa mita ya ujazo, ambayo ikimwagwa hujilaza kwa nyuzi 30. Katika kila kina, hiyo husukuma ukuta kwa theluthi ya uzito uliorundikana juu ya hapo. Juu kabisa hakuna msukumo. Kina cha mita 2, ni kilo 1,200 kwa mita ya mraba. Wastani wake ni 600, zidisha kwa kimo cha mita 2: kila mita ya urefu wa ukuta inasukumwa kwa kilo 1,200.

Kimo kikiwa mita 4, msukumo unafika kilo 4,800, mara nne. Tena unasukuma kutoka juu zaidi, kwa hiyo nguvu ya kuupindua ukuta inakuwa mara nane.

Kinachoutetea ukuta wa mawe ni uzito wake tu, na jiwe la lava lenye vitundu ni jepesi. Tuseme ukuta wa mita 2 una unene wa mita 1, na ujenzi wake una kilo 1,800 kwa mita ya ujazo. Udongo ukiwa mkavu, uwezo wake wa kusimama ni mara 2.25 ya nguvu inayoupindua. Maji yakijaa nyuma yake, yenyewe yanasukuma kilo 2,000, udongo uliozama unaongeza mamia kadhaa, na ule uwezo unashuka hadi karibu mara 1. Hapo ukuta uko ukingoni.

Mawe yaliyopangwa bila simenti huvujisha maji. Anayeziba kila mwanya ili ukuta upendeze anayafungia ndani. Mwambie fundi aache matundu ya kutolea maji karibu na chini, ajaze kokoto nyuma ya ukuta, na kwa ukuta unaozidi mita 2, mwite mhandisi kabla ya kuchimba msingi.