Wimbo Mmoja wa Krismasi, Waimbaji Chungu Nzima

Kabla hatujaanza safari yetu, hebu nikuulize swali moja jepesi. Ule wimbo wa Krismasi ambao hupigwa madukani na kwenye matatu mara tu Desemba inapobisha hodi, ule uitwao "Mary's Boy Child", ni wa nani?

Najua utanijibu bila kufikiri: "Aah, si wa Boney M!" Nami zamani ningalikujibu vivyo hivyo, tena kwa kujigamba. Aliyenitoa tongotongo machoni ni mjomba wangu, ndugu yake mama, ambaye kwa miaka mingi alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu kutoka Mombasa.

Mjomba ana sanduku la bati chini ya kitanda. Ukilifungua utadhani ni la muuza kaseti. Ati kaseti zote hizo zina wimbo huo huo mmoja! Kuna watu wanaokusanya stempu na wengine sarafu. Yeye hukusanya wimbo mmoja ulioimbwa na watu tofauti. Kila aliposimamisha lori, iwe Nakuru, Eldoret, Malaba au Kampala, aliwaendea wauza kaseti na kuwauliza, "Mnao ule wa Mariamu, lakini ulioimbwa na mtu mwingine?" Mkewe alizoea kumwambia, "Baba Rehema, wenzako huleta sukari na unga, wewe waleta wimbo ambao tayari unao!" Mjomba hucheka tu.

Siku moja nilimwuliza faida ya jambo hilo. Akaniambia, "Keti hapa mwanangu. Zima hiyo simu yako. Sikiliza." Niliyoyasikia siku hiyo, pamoja na yale niliyoyasoma baadaye, ndiyo ninayokuletea katika makala haya.

Wimbo si rekodi

Jambo la kwanza ambalo mkusanyaji hana budi kulijua ni kwamba wimbo na rekodi ni vitu viwili. Wimbo ni maneno na sauti alizozipanga mtunzi. Rekodi ni jinsi mwimbaji fulani alivyouimba wimbo huo siku fulani. Ni kama unga wa mahindi: huyu atasonga ugali, yule atakoroga uji, lakini aliyelima mahindi ni mkulima mmoja. Kila mara mwimbaji mwingine anapouimba wimbo upya, tunapata toleo jipya. Mtunzi hubaki yule yule, hata kama hakuna anayemkumbuka.

Hata kisheria mambo ni hivyo. Mtunzi ana haki yake, naye aliyetengeneza rekodi ana yake. Rekodi inapouzwa, mtunzi hustahili malipo yaitwayo mrabaha, hata kama hakuimba hata neno moja. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake.

Basi mtunzi ni nani?

Mtunzi wa wimbo wetu ni Jester Hairston, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa mwaka 1901 katika jimbo la North Carolina. Alikuwa mtunzi, mwalimu wa kwaya na mwigizaji. Kisa cha wimbo chenyewe kinachekesha. Rafiki yake alimwomba amtungie wimbo wa sherehe ya kuzaliwa. Kwa kuwa wageni wengi walikuwa watu wa visiwa vya Karibi, Hairston alitumia mapigo ya kalipso, muziki uliokulia Trinidad. Wimbo huo ulihusu mkate wa mahindi na chai ya chokoleti! Haukurekodiwa.

Baadaye Walter Schumann, aliyekuwa akiongoza kwaya huko Hollywood, alimwomba Hairston wimbo mpya wa Krismasi. Hairston akayakumbuka yale mapigo ya sherehe, akayaandikia maneno mapya kuhusu Bethlehemu. Kwaya ikauimba. Mwimbaji Harry Belafonte akausikia, ukamkaa moyoni, akaomba ruhusa ya kuurekodi. Hiyo ilikuwa mwaka 1956.

Tufungue sanduku

Sasa tusikilize matoleo manne tu, yale ambayo mjomba huyaita "wazee wa baraza".

La kwanza ni la Belafonte mwenyewe. Alizaliwa New York, lakini mamake alikuwa na asili ya Jamaika naye aliishi huko utotoni, kwa hiyo kalipso haikuwa ngeni kwake. Anaimba taratibu, kama mtu anayewasimulia watoto hadithi usiku. Mwaka 1957 rekodi hiyo ilikaa kileleni huko Uingereza kwa wiki 7 na kuuza zaidi ya nakala milioni moja nchini humo.

La pili ni la Mahalia Jackson, malkia wa nyimbo za injili, ambaye naye alirekodi mwaka 1956. Yeye hasimulii, yeye anashuhudia. Utadhani alikuwapo pale horini.

La tatu ni la Jim Reeves, katika albamu yake ya nyimbo kumi na mbili za Krismasi ya mwaka 1963. Huyu ndiye wazee wetu wengi wanamwita "Jimu Rivu". Sauti yake ni nzito na laini kama maziwa mala, wala haina haraka. Alikufa kwenye ajali ya ndege mwezi Julai mwaka 1964, yaani Krismasi moja tu baada ya albamu hiyo kutoka.

La nne ndilo lile unalolijua. Mwaka 1978 Frank Farian, mtayarishaji wa muziki kutoka Ujerumani, aliuchukua wimbo wa Hairston, akauongezea ngoma za disko na kuuunganisha na kipande kingine, "Oh My Lord", alichokitunga pamoja na Fred Jay. Boney M wakaimba, nao wakafika kileleni Uingereza Krismasi hiyo hiyo na kuuza zaidi ya milioni moja. Ni nadra sana wimbo mmoja kuuza milioni katika nchi moja kwa matoleo mawili tofauti! Jambo la kupendeza ni kwamba waimbaji wakuu, Liz Mitchell na Marcia Barrett, ni wazaliwa wa Jamaika. Kalipso ilizunguka Marekani na Ujerumani, ikarudi vinywani mwa watoto wa Karibi.

Ukitaka kuyatofautisha matoleo, usisikilize yote kwa wakati mmoja kama anayekunywa supu. Chagua kitu kimoja. Leo sikiliza mapigo: ni ya kutembea au ya kucheza? Kesho sikiliza nani anajibu kiitikio. Kesho kutwa sikiliza maneno: utaona hata jina hubadilika kidogo, maana kwa Mahalia Jackson na Jim Reeves yule mtoto ni "Little Boy". Ukifanya hivyo utagundua kwamba kila mwimbaji amekifasiri kisa kile kile kwa namna yake, kama sisi tunavyopewa insha yenye mada moja darasani na kuandika insha arubaini.

Waliofichwa

Nikamwambia mjomba, "Lakini jina la huyo Hairston silioni popote." Akaniambia, "Ndiyo maana nakusanya." Na kweli, Hairston ana bahati ya kufichwa. Katika filamu ya mwaka 1963 iitwayo "Lilies of the Field", Sidney Poitier anaonekana akiongoza wimbo wa "Amen". Watu walimwona Poitier, lakini sauti waliyoisikia ilikuwa ya Hairston! Hata Boney M wana siri yao: sauti nzito ya kiume katika rekodi zao ilikuwa ya Farian studioni, ilhali Bobby Farrell ndiye aliyeonekana jukwaani akirukaruka.

Jambo hili linatugusa sisi Wakenya moja kwa moja. Belafonte si mgeni kwetu. Mwaka 1959 yeye, Poitier na Jackie Robinson walitia sahihi barua ya kuomba michango ya nauli, ili vijana Wakenya waliotafutiwa nafasi na Tom Mboya waende kusoma Marekani. Vijana 81 walisafiri Septemba mwaka huo. Na mwaka 1965 Belafonte alitoa albamu pamoja na Miriam Makeba, na humo mna wimbo wetu wa Kiswahili, "Malaika". Boney M nao waliuimba "Malaika" mwaka 1981. Naam, waimbaji wale wale wa wimbo wa Hairston ndio waliouimba wimbo wetu!

Lakini kuna tofauti inayouma. Wimbo wa Hairston unajulikana ni wa Hairston. "Malaika" nao? Wengi humtaja Fadhili William, aliyeurekodi na kuufanya uvume. Wengine husema mtunzi ni Adam Salim, na wengine humtaja Grant Charo. Wimbo umezunguka ulimwengu mzima, nasi tungali tunabishana ni wa nani. Andiko moja lenye jina na tarehe, lililohifadhiwa vizuri tangu mwanzo, lingalimaliza ubishi.

Kaseti isiyo na jina

Sasa niungame. Sanduku la mjomba lilikuwa na toleo la tano, ambalo hutalipata dukani hata ukilipa milioni. Ilikuwa kwaya ya kanisa la kijijini kwetu ikiuimba wimbo huo kwa Kiswahili, nyanya akiwa ndiye mwanzishi. Mjomba aliinasa kwa redio-kaseti yake miaka ya themanini. Hakuandika chochote juu ya kaseti kwa sababu, kama alivyosema, "Nani hamjui mama yangu?"

Mwaka 2019, nilipokuwa Darasa la Tano, niliiona kaseti hiyo tupu ya maandishi nikadhani ni tupu hata ndani. Nikatia redioni, nikabonyeza kitufe chekundu, nikajirekodi nikitangaza mpira. Nyanya alikuwa amefariki miaka miwili kabla. Mjomba alipoiweka Krismasi ile ili tusikie sauti yake, tulisikia, "Gooo!" Hakunipiga. Alitoka nje akakaa kwenye gogo hadi giza likaingia. Afadhali angalinipiga.

Kwa hiyo ndugu msomaji, ukitaka kuanza mkusanyo wako, shika mambo haya:

1. Andika jina la mtunzi kwanza, kisha mwimbaji, kisha mwaka na mahali. Usiseme "nitakumbuka".

2. Ikiwa ni kaseti, vunja vile vijino viwili vya juu ili isiweze kurekodiwa tena.

3. Toa nakala. Weka moja kwenye simu au kompyuta, na nyingine kwa mtu wa nyumba nyingine.

4. Anza na matoleo ya watu wako. Boney M hawatapotea. Nakala zao zimejaa duniani. Kwaya ya kijijini kwenu ina nakala moja tu, pengine haina hata hiyo.

Mimi nimeanza. Krismasi iliyopita nilikwenda kwa wanakwaya watatu waliobaki nikiwa na simu. Walikumbuka beti mbili, ya tatu wakabishana. Nimeirekodi hata ile mibishano, na nimeandika majina yao yote. Jina la kwanza kwenye orodha ni la Jester Hairston. La pili ni la nyanya, ingawa sauti yake haimo.

Mwenye macho haambiwi tazama. Krismasi njema, na tuonane katika toleo lijalo!