Istilahi za Taa za Mbele za Magari: Kioo, Kiakisi na Lenzi

Kukua kwa lugha hakupimwi kwa wingi wa maneno yaliyomo kamusini tu. Hupimwa pia kwa uwezo wa lugha hiyo kumwongoza mtu afanyaye kazi kwa mikono yake, bila ya kumpotosha. Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, istilahi nyingi za utawala, sheria na elimu zimekwisha sanifiwa. Lakini istilahi za ufundi mdogomdogo, ule unaofanyika uani au chini ya mwembe, aghalabu huachwa zijizukie zenyewe. Katika makala haya tutaeleza kazi moja ya aina hiyo, yaani kupachika taa zenye lenzi ndani ya taa za mbele za gari lililoundwa bila taa hizo. Kisha tutaonyesha ni wapi lugha inapomkwaza fundi, na ni maneno gani yanayofaa kumsaidia.

1. Mahali pa kazi

Tumechukua mfano wa Nambilanje, kata iliyomo katika Wilaya ya Ruangwa, Mkoa wa Lindi. Sehemu hizo si ngeni kwa mashine. Mpango wa Karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuvunjwa mwaka 1951, uliifikisha Nachingwea matrekta na reli kutoka pwani ya Mtwara. Reli hiyo ilifungwa mwaka 1962, na tangu hapo mzigo hutegemea barabara. Msimu wa korosho au wa ufuta unapowadia, magari hutembea mchana na usiku katika njia za vumbi zisizo na taa, ambamo wapitao kwa miguu na kwa baiskeli ni wengi. Si ajabu basi kwa mwenye gari kutamani mwanga zaidi. Hata hivyo, mwanga unaomfaa yeye unaweza kumpofusha mwenziwe anayekuja mbele, na hapo ndipo usahihi wa maelezo unapokuwa ni jambo la uhai na mauti.

2. Taa inavyofanya kazi

Taa ya desturi ina balbu, ina bakuli linalong'aa nyuma ya balbu, na ina kifuniko cha mbele. Bakuli hilo lina umbo la parabola. Balbu ikikaa hasa mahali pake, miale huakisiwa na kutoka mbele ikiwa imenyooka. Balbu aina ya H4, iliyoanza kutumika mwaka 1971, ina nyuzi mbili: mmoja wa wati 60 kwa mwanga wa mbali, na mwingine wa wati 55 kwa mwanga wa karibu.

Taa yenye lenzi hufuata njia nyingine. Bakuli lake lina umbo la duaradufu, ambalo lina fokasi mbili. Balbu huwekwa katika fokasi ya kwanza, na miale yake yote hukusanyika karibu na fokasi ya pili. Hapo husimamishwa kipande cha bati kinachoziba sehemu ya chini ya miale. Mbele yake kuna lenzi nene, ambayo huipindua taswira juu chini. Hivyo kivuli kilichokuwa chini huonekana juu, na barabara huangazwa bila mwanga kupanda hadi machoni mwa dereva anayekuja. Kampuni ya BMW ya Ujerumani iliweka taa za namna hii katika magari yake ya mfululizo wa 7 mwaka 1986, kwa ajili ya mwanga wa karibu.

3. Kazi yenyewe

Fundi huanza kwa kutenganisha waya wa betri, kisha huitoa taa nzima garini. Taa hupashwa joto la kiasi ili gundi ishikayo kifuniko ilainike, nacho kifuniko hubanduliwa polepole kuizunguka taa. Zipo taa zilizofungwa kwa gundi isiyolainika, na hizo hazifai kufunguliwa. Bakuli la zamani hutobolewa au kukatwa, kisha taa ya lenzi hupachikwa ikiwa imenyooka pande zote. Ikilala upande hata kidogo tu, mpaka wa mwanga nao utalala barabarani. Kabla ya kufunika, fundi huwasha taa na kuhakikisha mambo hayo. Mwisho hutia gundi mpya bila kuacha mwanya, maana vumbi na unyevu vikiingia, kazi yote itakuwa imepotea bure.

Umeme nao wataka hesabu. Balbu ya wati 55 katika gari la volti 12 huvuta takriban ampia 4.6. Akiweka balbu za wati 100, kila moja itavuta zaidi ya ampia 8, na waya zilizopimwa kwa balbu za asili zinaweza kupata moto. Malori mengi hutumia volti 24, na kifaa cha volti 12 hakifai humo. Taa za gesi ya zenoni zina kifaa kinachopandisha volti hadi maelfu mengi wakati wa kuwaka, kwa hiyo zisiguswe zikiwa zimeunganishwa na betri.

Taa ikisharudishwa, hulengwa. Gari husimamishwa mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, likiwa na mzigo wake wa kawaida. Kwa mteremko wa asilimia 1, mpaka wa juu wa mwanga wa karibu utakuwa sentimita 10 chini ya usawa wa kati ya taa. Taa iliyo sentimita 70 kutoka ardhini itafikisha mpaka huo barabarani umbali wa mita 70.

4. Maneno yanayokwaza

Neno la kwanza ni kioo. Fundi huita kifuniko cha mbele kioo, bakuli linalong'aa kioo, na lenzi kioo. Mfasiri akiandika "safisha kioo kwa kitambaa", hajui amemwamuru nini msomaji wake. Kifuniko chavumilia kitambaa; bali bakuli limepakwa utando mwembamba sana wa metali, nao ukikwaruzwa haurudi, na taa hufifia kwa sababu ya amri iliyokusudiwa kuing'arisha.

La pili ni kushusha. Dereva akiambiwa "shusha taa", hubonyeza swichi na kubadili mwanga. Fundi akiambiwa hivyo hivyo, hushika bisibisi na kuinamisha taa yenyewe. Tangazo lisemalo "taa zote zishushwe" laweza kutiiwa na watu wawili kwa njia mbili, na kila mmoja akadhani ametimiza wajibu wake.

La tatu ni projekta. Watu wengi hulijua kama chombo cha kuonyeshea picha za sinema. Kuliingiza katika taa za magari si kosa, maana vyombo vyote viwili hutupa taswira kwa lenzi. Lakini neno hilo halimwambii mnunuzi chochote juu ya lenzi, na wauzaji wengine huliita hivyo kila lenye mwanga mkali. Mtu akitia balbu ya zenoni katika bakuli la parabola, hakupata projekta. Amepata mwanga uliotawanyika na kuwapofusha wenzake.

La nne ni mkato. Baadhi ya wafasiri wamependekeza neno hili kwa ule mstari unaotenga mwanga na giza. Walimu watakumbuka kwamba mkato ni alama ya uandishi, na mafundi huhusisha kukatika na waya. Neno mpaka laeleweka upesi zaidi.

Mpaka huo ndio wenye jambo zito kuliko yote. Haukunyooka moja kwa moja; upande mmoja hupanda ili kuangaza ukingo wa njia. Katika nchi zinazopita kushoto, kama Tanzania, Japani na Uingereza, lazima upande kushoto. Taa iliyotengenezwa kwa ajili ya Ujerumani au Ufaransa hupandisha mwanga kulia. Ikifungwa Ruangwa, itamulika uso wa dereva anayekuja, na kumwacha gizani mtembea kwa miguu aliye ukingoni. Wala kuinamisha taa hakuondoi kasoro hiyo.

5. Mapendekezo

Tunapendekeza istilahi zifuatazo:

(a) Kifuniko cha taa: sehemu ya nje, ya kioo au ya plastiki, inayopitisha mwanga.
(b) Kiakisi: bakuli linalong'aa nyuma ya balbu. Limetokana na kitenzi akisi.
(c) Lenzi: kioo kinene kinachokusanya na kuelekeza miale. Neno hili limekwisha zoeleka shuleni.
(d) Taa ya lenzi: taa yenye kiakisi cha duaradufu na lenzi. Projekta libaki katika mazungumzo.
(e) Kingamwanga: kipande cha bati kinachoziba sehemu ya miale, kwa mfano wa kingamwili.
(f) Mpaka wa mwanga: mstari unaotenga mwanga na giza.
(g) Mwanga wa mbali na mwanga wa karibu: yale ambayo madereva huyaita fulu na dimu.
(h) Kupunguza mwanga: kazi ya dereva kwa swichi. Kuinamisha taa: kazi ya fundi kwa bisibisi.
(i) Kupandikiza taa: kuweka taa ya aina nyingine ndani ya gari lisiloundwa nayo.

Mtumishi anayeandaa maelezo kwa wananchi asisahau kuongeza onyo la upande wa mpaka wa mwanga, na kuwakumbusha wenye magari kwamba Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 yahusu gari lililobadilishwa uani sawa na lililotoka kiwandani. Walimu wa ufundi nao wayajaribu maneno haya mbele ya wanafunzi wao, na watuletee yale ambayo mafundi wa kwao huyatumia, yawe ya Kiswahili, ya Kimwera au ya Kimakonde. Neno lililokwisha ota mizizi karakanani, likiwa halimpotoshi mtu, lina haki ya kusikilizwa kabla ya lile lililotungwa mezani.