jQuery iliondoka, maelezo yakabaki: Funzo kwa vijana wa kompyuta Turkana

Kwa kijana anayejifunza kutengeneza tovuti Lodwar au Kakuma, bando ni pesa. Wengi hupakua masomo mara moja, kisha wanafanya kazi nje ya mtandao. Ndiyo maana mstari mmoja wa maelezo yaliyopitwa na wakati unaweza kumlia mtu siku tatu.

Chukua mfano wa Bootstrap, mfumo wa kujengea tovuti ulioanzia kwa wahandisi wa Twitter na kutolewa mwaka wa 2011. Kwa miaka mingi, menyu na madirisha yake yalitegemea jQuery, programu aliyoitoa John Resig mwaka wa 2006. Mnamo Mei 2021, toleo la 5 likaja bila jQuery. Afueni kwa mwenye bando dogo: takriban kilobaiti 30 ambazo ukurasa hauhitaji tena kupakua.

Lakini kuna kingine kilichobadilika. Ulichokuwa ukiandika data-toggle sasa ni data-bs-toggle. Ukinakili mfano wa zamani kwenye toleo jipya, unabofya menyu, wapi! Haifunguki, na wala huoni ujumbe wa hitilafu. Mwenye intaneti ya kudumu atauliza papo hapo. Aliye Kalobeyei na bando limeisha atadhani yeye ndiye hajui kitu.

Kwa hivyo ukiondoa programu ambayo kazi yako inaitegemea, hujamaliza mpaka urekebishe maelezo. Utafanyaje?

Kwanza, tafuta jina la kilichoondolewa katika faili zote: mwongozo wa kuanza, mifano, hata picha za skrini.

Pili, jaribu kila mfano kwenye ukurasa mtupu. Ukijaribia kwenye mradi wako ambao bado una jQuery, kosa linaweza kujificha.

Tatu, usifute maelezo ya zamani. Tovuti nyingi bado ziko kwenye toleo la 4. Andika tu nambari ya toleo juu kabisa, isionekane kwa shida.

Nne, weka jedwali fupi: zamani uliandika hivi, sasa andika hivi.

Kazi hii haihitaji uwe gwiji, na hapo ndipo nafasi ilipo. Turkana haikosi mahali pa kujifunzia: chuo cha Startup Lions kando ya Ziwa Turkana, kwa mfano, kilichosanifiwa na Francis Kéré, mshindi wa tuzo ya Pritzker ya 2022, hufundisha vijana kazi za kidijitali. Miradi mingi ya programu huria hupokea marekebisho ya maelezo kutoka kwa yeyote, na kila sahihisho linalokubaliwa hubaki na jina lako hadharani. Mwajiri akiuliza umefanya nini, una cha kumwonyesha.

Anzia karibu. Fungua yale masomo mnayogawana kwa flashi, utafute data-toggle. Ukiipata bila nambari ya toleo, sahihisha kabla hujampa mwenzako.